Usimpelekee Mtendaji Yule Jogoo

Kigongo, Mwanza
Jumapili, nimetoka kanisani

Mwanangu Nyangeta,

Marahaba mama, maana najua shikamoo yako imetangulia hata kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Watoto hawajambo? Kale kadogo kalikokuwa kanakohoa, kifua kimeachia? Kama bado, usimpe tena ile dawa ya duka la njiapanda, mpeleke zahanati wamsikilize. Na mgongo wako je? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Ila moyo haujatulia wiki ya tano sasa, ndiyo maana nimekaa hapa jikoni na daftari nikuandikie kwa huu mkono wangu wa darasa la nne. Ukikuta nimekosea, soma tu, utanielewa.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Hapo nyumbani simu mnaiweka sauti kubwa. Anasikiliza shangazi yako, anasikiliza jirani aliyekuja kuomba chumvi, mpaka jioni Majita nzima inajua mama Nyangeta kasema nini. Hili si la kusikilizwa na kila mtu. Shangazi yako ameniambia umemtenga yule jogoo mwekundu, unamlisha mahindi peke yake, unamngoja mtendaji wa kijiji arudi kutoka wilayani, ili akikaa kuandika ile barua ya mpaka wa shamba letu la mpunga tunalolidai asitusahau. Amesema mwenyewe umesema, "Safari hii na sisi tutakwenda na cha mkononi." Nyangeta, nakuomba. Kabla hujamfunga miguu huyo jogoo, soma barua hii mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua. Napika kwenye nyumba waliyopanga hawa watu wa chuo kikuu cha ng'ambo, hapa karibu na kivuko. Siku hizi magari yanapita juu darajani, kivuko kimenyamaza, hata wale mama wa mahindi ya kuchoma wamehama. Wao kazi yao ni kuvua samaki wadogo wadogo wa kando ya ziwa, wanawakata vipande, wanavigandisha, vinapelekwa kwao kupimwa maji yetu yanaweka nini ndani ya samaki. Mkubwa wao ni Profesa, mzungu mrefu, mpole, anakula ugali kwa uma. Halafu yupo Rehema, binti wa hapa hapa Mwanza, amezaliwa Kirumba, anasoma masomo ya juu kabisa kwenye chuo hicho hicho. Masomo yake yote ni hao samaki. Miaka miwili anaingia majini asubuhi na baridi. Ananiita mama, na mimi namfanya kama wewe.

Sasa vile vipande haviondoki nchini mpaka serikali iandike ruhusa. Ndipo siku moja akaja ofisa kukagua, Bwana Majura. Mtu wa kwetu kabisa, Mjita wa upande wa Bunda. Aliingia jikoni kwangu akanisalimia kwa lugha yetu, nikashtuka nikaangusha mwiko. Nikampikia samaki mkavu kwa karanga. Akala, akaramba na vidole, akasema, "Mama, hii ni mikono ya nyumbani." Haya niambie wewe, mtu kama huyo unamwachaje aondoke mikono mitupu? Nina kuku wangu nyuma ya jiko. Nikamkamata tetea mmoja wa madoadoa, nikamfunga miguu kwa kipande cha kanga, nikampelekea mpaka dirisha la gari. Akakataa kidogo kama mtu mwenye adabu anavyokataa, akapokea.

Siku ya nne karatasi ikaja na muhuri. Rehema alicheza humu jikoni na sufuria kichwani, maana wenzao waliwahi kungoja miezi.

Baada ya hapo chuo kikaleta semina. Yaani hakuna aliyekuja, mwalimu ni mama mmoja yuko huko kwao, anaongea kwenye kompyuta. Wakasema wafanyakazi wote waketi, mpaka mlinzi, mpaka dereva, mpaka mpishi. Rehema akawa anatutafsiria. Yule mama akasema watu wa vyuo wakienda kufanya kazi nchi za watu huwa wanawapa maofisa wa serikali za huko vitu ili mambo yao yapite, na hiyo ni rushwa, na sheria ya kwao inawafuata hata wakiwa huku, chuo kinaweza kushtakiwa mahakamani. Alikuwa anasema ofisa wa nchi ya nje, ofisa wa nchi ya nje. Nikamnong'oneza Rehema, "Wa nje wapi?"

"Wa Tanzania, mama."

"Wa Tanzania ndiyo wa nje?"

"Kwao wao, ndiyo."

Kumbe Bwana Majura wa Bunda akifika hapa Kigongo ni mtu wa nje.

Mwisho yule mama akauliza, kuna mtu hapa aliyewahi kumpa ofisa kitu chochote? Aseme bila woga, anayesema kweli haadhibiwi. Wote wakaangalia sakafu. Mimi nikanyoosha mkono. Usicheke, Nyangeta! Mimi nilidhani ni kama kwenye umoja wetu wa akina mama kanisani, mwenyekiti akiuliza nani amekaribisha wageni wiki hii, unasimama unapigiwa makofi. Nikasimama kabisa. Nikasema, "Mimi. Nilimpa Bwana Majura kuku."

Rehema hakutafsiri. Profesa akamwuliza, "Mama amesema nini?" Neno kuku Profesa analijua, kila siku nampikia. Nilimwona rangi inamtoka usoni.

Tangu siku hiyo ni karatasi juu ya karatasi, na mimi nikapewa fomu niandike habari yote ya kuku. Ile ruhusa wamesema isitumike mpaka ijulikane kama haikununuliwa kwa kuku. Safari ya samaki imesimamishwa. Friji kubwa linanguruma stoo mchana kutwa, na ndani ni miaka miwili ya Rehema, na umeme wa hapa unaujua, ukikatika tunakimbilia jenereta kama nyumba inaungua. Muda aliopewa na chuo unakwisha. Samaki wasipofika huko wakapimwa, hana cha kuandika, anarudi Kirumba kama alivyoondoka. Na aliyemfikisha hapo ni mimi, niliyekuwa namwekea kiporo chake cha ndizi asiende ziwani na njaa.

Lakini na mimi wamenikera, sitaficha. Walipofungua huu mradi waliwaita maofisa hotelini mjini, wakala, wakapewa kofia na mabegi yenye nembo ya chuo, na posho wakasaini. Bwana Majura mwenyewe alikuja kukagua na ile kofia kichwani! Nikamwambia Rehema, mwulize huyo mama wa kwenye kompyuta, na zile kofia je? Akajibu eti zile zimeandikwa kitabuni, wote walipata sawasawa, na hakukuwa na karatasi iliyokuwa inangoja saini. Nikamwambia na kuku wangu sikumficha, mlinzi aliona, dereva aliona, na kuku mwenyewe alipiga kelele. Yule mama akaandika kitu. Kila ukisema neno anaandika.

Halafu likaja lililonimaliza. Kuku arudishwe. Mwanangu, umewahi kusikia kwetu mtu anabisha hodi kwenye nyumba ya mtu kudai kuku aliyemfunga miguu kwa mikono yake mwenyewe? Hata watu waliogombana mpaka wakashikana mashati hawafanyi hivyo. Nikakataa. Nikasema nifukuzeni. Rehema akapiga magoti hapa kwenye majivu, machozi yanamtoka. "Mama, nakuomba. Mimi nimo ndani ya lile friji."

Nikaenda.

Bwana Majura anakaa Nyakato, nyumba za nyuma ya viwanda. Nilimkuta mkewe, Mama Jeni, yuko bombani na majirani wawili. Akanipokea vizuri! Kigoda, soda, habari za Kigongo. Mwisho nikasema tu, chuo kimenituma nije kumchukua yule kuku wa madoadoa.

"Kuku?"

"Ndiyo mama."

"Unamdai mume wangu kuku?"

Jirani mmoja akaweka ndoo chini. "Jamani! Chuo kikuu kizima kimekosa kitoweo?"

"Labda kuku mwenyewe alikuwa hajamaliza masomo," akasema mwenzake. Wakacheka mpaka wakashikiliana. Mimi nimekaa na umri wangu huu, natazama vidole vya miguu.

Mama Jeni hakucheka. "Analalia," akasema. "Mayai kumi na moja, ya kuku wangu wengine, wiki ya pili hii. Ukimtoa yanakufa. Haya, niambie mama, mume wangu alikukosea nini?"

Bwana Majura akafika akanikuta hivyo. Akaniingiza ndani, akarudishia mlango, akaanza kuongea kwa lugha yetu, sauti ya chini.

"Mama, huko umeandika nini?"

"Nimeandika nilikupa kuku kwa sababu ulikula kwangu."

"Basi ishia hapo hapo."

Nyangeta, hapa ndipo penye barua yangu. Kuna neno sikumwambia mtu. Siku ile pale dirishani, nilipokuwa nampa yule kuku, nilisema, "Mwanangu, hako kakaratasi ka watoto usikasahau." Akanijibu, "Nimesikia mama." Ni hayo tu. Wala sikuona kama nimesema kitu, yalitoka mdomoni kama mtu anavyosema safari njema. Lakini nilisema, na yeye alisikia.

"Maneno ya dirishani usiyaandike," akaniambia. "Mimi nina watoto, mama. Tena karatasi zenu zilikuwa kamili, hazina kasoro, ningesaini tu. Nilichofanya ni kulitoa faili lenu chini nikaliweka juu. Hilo tu."

Sijui kilichonituma kumwuliza. Nikasema, "Juu ya nani?"

"Juu ya mafaili mengine."

"Ya nani?"

Akanishangaa. "Ya watu tu, mama. Wavuvi, wenye mabwawa. Watu tu."

Watu tu! Nilihisi kama amenimwagia maji. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa mapajani mwangu, huwezi kukumbuka. Baba yako ana miezi minne kaburini, nimekwenda baraza la kata na karatasi yake ya shamba nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nimefika wa kwanza, umande haujakauka. Nimekaa kwenye lile benchi la nje. Saa nne akaja yule jirani wa shamba, anakokota mbuzi. Akamfunga nyuma ya ofisi. Hakuna aliyejificha, hakuna aliyetamka rushwa, walisema, "Ametukumbuka wazee." Akaitwa ndani yeye. Mimi nikaendelea kukaa, mbuzi analia nyuma ya ukuta, wewe unalia mbele, mpaka wakafunga mlango wakasema njoo Jumatano. Nikaja Jumatano. Nikaja tena. Mara ya tatu shamba lilikuwa la mwenzangu. Miaka yote hii yule mbuzi namchukia, naweza kuitambua sauti yake kwenye mnada.

Na hapo nimekaa kwenye kochi la Bwana Majura, nikaelewa kwamba kuku wangu alilia nyuma ya benchi la mtu. Mvuvi sijui wa wapi, Sengerema au wapi, mwenye mtoto mapajani, ananyanyuka kila mlango ukifunguka anadhani ni zamu yake. Nimemfanyia vile vile. Na nilimfanyia kwa upendo, ndiyo inayoniuma. Sikuwa na ubaya na mtu. Labda hata yule jirani wa mbuzi hakuwa na ubaya, alikuwa anapenda watoto wake. Sijamsamehe lakini, usije ukamwambia.

Tulipotoka nje Mama Jeni alikuwa amemweka kuku kwenye beseni la pumba, mayai yote kumi na moja chini yake, amemfunika kitenge. "Chukua na mayai," akasema. "Asije akafa kwa uchungu mkaandika tena."

Nikarudi na pikipiki, beseni mapajani, dereva namwambia polepole baba, nina wajawazito hapa. Kufika, Profesa akafurahi kuona kuku. Halafu akafunua kitenge.

"Mama, mayai ni ya nani?"

"Ya mke wa ofisa."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kwa hiyo sasa ofisa ametupa sisi zawadi."

Akaanza kutafuta karatasi nyingine! Nyangeta, kwa mara ya kwanza nilimpandishia sauti mtu anayeniajiri. Nikamwambia, "Profesa, nimechoka! Nimetukanwa Nyakato nzima, nimerudi na kuku, mnataka na mayai niyarudishe moja moja?" Nikaweka beseni stoo nyuma ya friji, kwenye joto, nikamwambia atakayeliondoa apike mwenyewe. Wamebandika mlangoni karatasi, usiguse mpaka uamuzi. Kwa hiyo kuku wa madoadoa analalia mayai yasiyo na mwenyewe, na samaki wa Rehema wamelala yadi moja kutoka kwake, wote wanangoja.

Ile fomu ilikuwa na mstari mmoja nilikuwa nimeuacha wazi. Ulitarajia nini ulipotoa zawadi? Niliuacha wiki tatu. Jioni ile nikachukua kalamu, nikaandika kama nilivyosema dirishani, neno kwa neno. Nikaandika pia kwamba Bwana Majura hakuniomba kitu, na Profesa hakunituma, na Rehema hakujua. Na kwamba faili lilitolewa chini likawekwa juu.

Rehema akasoma, akakaa kwenye gunia la mkaa. "Mama, ungenyamaza tu. Nani alisikia?"

Nikamwambia habari ya benchi na ya mbuzi, kama nilivyokuambia wewe. Akainuka akatoka, wala chai hakunywa.

Sasa mambo ndiyo haya. Ile ruhusa imefutwa, chuo kimeirudisha chenyewe. Bwana Majura anahojiwa na wakubwa zake. Mama Jeni nilikutana naye sokoni pale Mwaloni, akageuza uso kwenye dagaa mpaka nikapita, na siwezi kumlaumu. Mimi naendelea kupika huku nangoja barua ya chuo, hawajasema nikae wala niende, ila nikiingia na sahani mezani maneno yanakatika. Rehema ameomba ruhusa upya, kwa ofisa mwingine, kuanzia chini kabisa. Kila asubuhi anapanda kwenda mjini na bahasha yake anakaa foleni. Wiki nzima hakunisemesha zaidi ya salamu. Juzi akaingia jikoni, akavua viatu, akasema, "Leo mama nilikuwa wa tisa." Nikampakulia. Kama muda utamtosha, sijui. Naogopa kumwuliza.

Na leo nilipotoka kanisani nimesikia sauti ndani ya mayai. Vinagonga. Profesa amekuja kuchungulia, akarudishia mlango polepole.

Sasa wewe. Huyo jogoo mchinje. Mchinje Jumapili, mle wote, shingo mpe shangazi yako aache kunipigia simu za umbea, kale kanakokohoa mpe supu. Halafu kwa mtendaji nenda na karatasi ya baba yako, iko kwenye sanduku la bati chini ya nguo zangu za kitenge, na uende na wazee wawili waliokuwepo siku ya kupanda miti ya mpaka. Mwambie aandike tarehe aliyokupokea, mbele yako. Usimbebee hata yai. Usiseme "usitusahau". Najua utaniambia wenzetu watakwenda na vya mkononi, wataitwa kwanza. Wataitwa, ndiyo. Nimekasirika kuliko wewe. Lakini shamba lile lilitoka kwetu kwa mbuzi, sitaki lirudi kwa jogoo, nikaja kulipanda mpunga huku nasikia anawika.

Wakinifukuza hapa nitakuja. Tutakwenda wote tukae. Lile benchi nalijua, ukikaa upande wa kushoto kivuli kinafika mapema.

Nisalimie shangazi yako mwenye simu ya sauti kubwa, mwambie nampenda hata hivyo. Nisalimie kaka yako Magesa, avae shati akienda ziwani. Nisalimie mama mkwe wako, na katekista wetu aniombee. Wajukuu wote wabusu, na yule mwenye kifua umbusu mara mbili.

Ni mimi mama yako, wewe uliyekaa mapajani mwangu siku ile,

Nyabweke